Nani Mwenye Akili? Kufaulu Shuleni na Malezi ya Watoto Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

1. Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, sharika zetu hushiriki furaha na huzuni za wazazi. Jumapili inayofuata, mzazi ambaye mtoto wake amefaulu hutoa sadaka ya shukrani. Jina la mtoto hutajwa, kwaya huimba, na mchungaji humwombea heri. Jambo hili ni jema, wala hatukusudii kulipinga. Lakini katika benchi la nyuma ameketi mzazi mwingine, ambaye mtoto wake alisoma darasa lile lile na kufundishwa na mwalimu yule yule, lakini hakufaulu. Jina la mtoto huyo halitajwi. Tena, mara nyingi katika mahubiri ya siku hiyo neno huponyoka la kwamba Mungu amempa fulani akili. Yule mzazi wa benchi la nyuma hurudi nyumbani akijiuliza: Je, wangu Mungu alimnyima?

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Sisi tuliopata kuhudumu katika sharika za kandokando ya Ziwa Victoria tumeulizwa swali hilo mara nyingi, na mara nyingi tumelijibu kwa haraka mno. Tunakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza, shule hupima sehemu moja tu ya kile ambacho jamii zetu huita akili, tena huipima kwa lugha na desturi ambazo mtoto mmoja amezizoea nyumbani na mwingine hajazizoea. La pili, kwa sababu hiyo mtumishi wa Mungu hana ruhusa ya kuyasoma matokeo ya mtihani kana kwamba ni hukumu ya Muumba juu ya mtoto. Badala yake hana budi kulitazama upya darasa ambalo yeye mwenyewe ndiye mwalimu wake, yaani darasa la kipaimara.

2. Akili katika vinywa vya wenyeji

Tuanze ng'ambo ya mpaka, maana Ziwa ni moja ingawa nchi ni tatu. Katika kijiji cha Usenge, upande wa Kenya, wataalamu wa saikolojia wakiwamo Elena Grigorenko, Robert Sternberg na Mkenya Frederick Okatcha walifanya utafiti kati ya Wajaluo, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2001. Waliwauliza wenyeji wenyewe: mtoto mwenye akili ni yupi? Majibu yalikusanyika katika maneno manne. *Rieko* ni maarifa na ustadi, pamoja na ule wa shuleni. *Luoro* ni heshima, utii na kujali wengine. *Paro* ni kufikiri na kuthubutu kuanzisha jambo. *Winjo* ni kusikia na kuelewa, hata mtu ajue lipi lifanyike katika shida iliyopo. Watafiti walipolinganisha sifa hizo na alama za shuleni, waliona kwamba rieko peke yake ndiyo iliyohusiana nazo. Sehemu tatu zilizobaki shule haikuzigusa.

Utafiti wa pili uliofanyika huko huko ulishangaza zaidi. Watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15 waliulizwa kuhusu dawa za miti shamba: dawa ipi hutibu ugonjwa upi, na hutumiwaje. Mara nyingi watoto waliozijua dawa hizo vizuri zaidi ndio waliopata alama za chini katika majaribio ya kishule, hasa ya msamiati wa Kiingereza. Je, ujuzi wa miti huharibu akili ya mtoto? La hasha. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba jamaa hugawa muda na matumaini yao. Mtoto anayeonekana kuwa atakwenda mbali na shule huachiwa vitabu, na yule anayeonekana kuwa atabaki nyumbani hufundishwa mambo ya nyumbani. Wote wawili wanajifunza, ila mmoja tu ndiye anayepimwa.

Wasomaji wa upande wetu wa Ziwa hawahitaji kwenda Kenya kulithibitisha jambo hili. Mtoto wa kambi ya wavuvi anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo huuhesabu mwezi bila kalenda. Anajua dagaa waanikwe lini, wageuzwe mara ngapi, na wingu lipi ni la kukimbilia kuwaanua. Anaweza kukadiria ndoo ngapi mbichi zitatoa gunia moja kavu, na bei itakuwa nini mchuuzi atakapotoka Kirumba. Hizo ni hesabu, tena ni sayansi ya majira na ya biashara. Mtoto huyo huyo akiketi mbele ya karatasi yenye swali la uwiano, huenda akaandika jibu lisilo na maana, nasi tukasema kwamba hajui hesabu.

Jambo kama hilo lilipimwa katika mji wa Recife nchini Brazili, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1985. Watafiti waliwaendea watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu barabarani, wakanunua kwao na kuwauliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa katika asilimia 98 ya maswali. Baadaye walipewa hesabu zile zile katika karatasi, bila nazi wala mnunuzi, wakajibu sawasawa asilimia 37 tu. Watoto walikuwa wale wale, na namba zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kuuliza.

3. Shule nayo ina desturi zake

Tumezoea kusema kwamba mtoto huacha mila nyumbani na kwenda shuleni kupata elimu. Usemi huo husahau kwamba shule nayo ina mila zake, na kwamba mtoto huanza kufundishwa mila hizo kabla hajafundishwa herufi. Tutataja tatu.

Ya kwanza ni desturi ya swali. Mwalimu huuliza jambo ambalo yeye mwenyewe analijua, na mtoto hutakiwa kulisema kwa sauti mbele ya wengine. Katika nyumba nyingi za mwambao hakuna mtu mzima aulizaye hivyo. Mtu mzima huuliza asichokijua: Ng'ombe wako wapi? Mama yako amekwenda wapi? Tena mtoto mwenye adabu hamkazii mkubwa macho wala hajitangulizi kusema. Robert LeVine na wenzake, waliochunguza malezi ya Wagusii katika vilima vya mashariki ya Ziwa tangu miaka ya 1950, waliona kwamba akina mama walisisitiza utii na heshima, na kwamba hawakufanya mazungumzo marefu na watoto wachanga. Malezi hayo yalikuwa na hekima yake: yalimlinda mtoto na kumwandaa kwa kazi za nyumba kubwa. LeVine alionyesha pia, kwa uchunguzi wa nchi mbalimbali, kwamba mama aliyekwenda shule huzungumza na mwanawe kwa namna iliyo karibu na ile ya darasani. Basi mtoto wa mama huyo afikapo darasa la kwanza hukuta mazungumzo aliyoyazoea. Mwenzake, aliyefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, hunyamaza, naye mwalimu huandika kwamba ni mzito.

Ya pili ni desturi ya kushindana peke yako. Shule humpanga kila mtoto kwa namba, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na namba hizo husomwa hadharani siku ya kufunga. Usukumani mashindano yapo, tena ni makali. Yeyote aliyefika Bujora, pale Kisesa, katika sikukuu ya Bulabo, amewaona Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Hata hivyo ushindi huo ni wa kundi. Kwa desturi, kundi lililovuta watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Manju hodari huheshimiwa kwa sababu amewainua wenzake, wala si kwa sababu amewaacha nyuma. Mtoto aliyelelewa hivyo akimnong'oneza jibu mwenzake aliyekwama, nyumbani ni mtoto mwema, shuleni ni mwizi wa mtihani. Hatusemi kwamba kuibia katika mtihani kuruhusiwe. Tunasema kwamba mtoto anahitaji kuelezwa tofauti hiyo, badala ya kuchapwa kwa kutoijua.

Ya tatu ni desturi ya kutenga elimu na maisha. Zamani wazee wa Kisukuma waliwafundisha vijana jioni penye moto wa *shikome*. Hapo palikuwa na hadithi, vitendawili, habari za ukoo na maonyo, na kesho yake kijana aliyafanyia kazi yale aliyoyasikia. Shuleni mtoto hujifunza leo kitu ambacho huenda akakitumia baada ya miaka kumi, na huenda asikitumie kamwe. Pengo hili lilimsumbua Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967. Alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi ilimtoa mtoto katika jamii yake na kumfanya adhani kwamba maarifa yamo vitabuni tu.

Hata hivyo tusiitukuze shikome kupita kiasi. Moto ule haukufundisha kusoma, wala haukumwandaa muuguzi wa kutibu kichocho au mwanasheria wa kumtetea mjane aliyenyang'anywa shamba. Watoto wetu wanaihitaji shule. Neno letu ni kwamba mtoto anayefaulu sana, mara nyingi, ni yule ambaye njia kati ya nyumba yake na shule yake ni fupi. Mwenye njia ndefu anastahili kupimwa pia kwa mwendo aliokwisha kwenda.

4. Kizingiti cha lugha

Katika njia hiyo liko jambo moja linalozidi mengine kwa uzito, nalo ni lugha. Mtoto wa Magu au Misungwi huanza na Kisukuma, wa Ukerewe na Kikerewe au Kijita. Shuleni hukutana na Kiswahili, na baada ya kukizoea hufika kidato cha kwanza na kuambiwa kwamba sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza.

Tutazame kundi moja la wanafunzi wa nchi yetu. Mwaka 2007 nchi za Kusini na Mashariki mwa Afrika zilipima usomaji na hisabati za watoto wa darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu, kwa utaratibu uitwao SACMEQ. Watoto wa Tanzania Bara, waliopimwa kwa Kiswahili, walikuwa miongoni mwa waliotangulia wote katika kusoma, na katika hisabati walikuwa juu ya wastani. Watoto hao walimaliza darasa la saba mwaka 2008. Wale walioendelea moja kwa moja waliingia kidato cha kwanza mwaka 2009 na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo ya mtihani huo yalipotangazwa mara ya kwanza, Februari 2013, watahiniwa wapatao 6 katika kila 10 walikuwa wamepata daraja la sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yakapangwa upya. Hata baada ya hapo walioanguka walibaki kuwa wengi mno.

Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi: shule za kata zilikuwa zimeongezeka kwa haraka kuliko walimu, vitabu na maabara, na utaratibu wa kupanga alama nao ulikuwa umebadilishwa. Hatudai kwamba lugha peke yake ilitenda yote. Lakini ni nani atakayesema kwamba Mungu aliwapa watoto wale akili mwaka 2007 akaiondoa mwaka 2012? Walipoulizwa kwa lugha waliyoielewa walijibu. Walipoulizwa kwa lugha ambayo wengi wao, na pengine baadhi ya walimu wao, hawakuimudu, waliandika kidogo au hawakuandika kitu.

Mzazi mwenye uwezo amekwisha kulitambua jambo hili. Humpeleka mwanawe katika shule ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, naye akifika kidato cha kwanza kizingiti kiko nyuma yake. Matokeo yakitoka tunamsifu mtoto kwa akili, nasi hatuitaji ada. Kanisa lenyewe lina shule zilizojengwa kwa sadaka za wakulima na wavuvi. Tunapojivunia nafasi zake katika orodha ya taifa, tujiulize pia ni watoto wangapi wa wakulima na wavuvi hao walioketi katika madawati yake.

Mwambao wetu umetoa pia mfano wa mtu aliyeziunganisha lugha mbili za malezi yake, ya nyumbani na ya shuleni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na Kijerumani. Kwa elimu hiyo angeweza kuyapa kisogo mambo ya wazee. Badala yake aliyakusanya, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, yenye mila, kilimo, uvuvi na tiba za watu wake. Kwa miaka mingi haikupata mchapaji. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Leo wasomi wa nchi nyingi huisoma. Shule ilimpa kalamu, lakini maarifa yaliyomfanya akumbukwe yalikuwa ya nyumbani kwao.

5. Kipaji, juhudi na mlango

Mtu atauliza: Je, hakuna basi watoto wenye vipaji zaidi ya wengine? Wapo. Hatutaki kukana kile ambacho kila mwalimu amekiona. Lakini namna watu wanavyokieleza kipaji hutofautiana, na tofauti hiyo ina matokeo darasani. Harold Stevenson na James Stigler, katika kitabu chao cha mwaka 1992, waliwalinganisha watoto wa shule za msingi wa Japani, Taiwani, China na Marekani. Wazazi wa Marekani walielekea zaidi kueleza kufaulu kwa uwezo wa kuzaliwa nao, na wale wa Asia ya Mashariki kwa juhudi. Stigler amesimulia kwamba katika darasa moja la Japani alimwona mwalimu akimwita ubaoni mtoto aliyeshindwa kuchora mchemraba. Mtoto alichora, akakosea, akachora tena, nao wenzake wakaulizwa kama amepata. Mwishowe alipopata wote walimpigia makofi, na mtoto akarudi kuketi akiwa na furaha. Kwao kuhangaika na jambo gumu hakukuwa aibu, bali ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza.

Sisi tunasimama wapi? Methali zetu ziko upande wa juhudi: haba na haba hujaza kibaba, na penye nia pana njia. Lakini katika shule zetu wanafunzi hugawanywa mapema kuwa vipanga na vilaza, na anayeitwa kilaza akiwa na miaka tisa huishi kama alivyoitwa. Hapo utafiti mwingine uliofanyika Bagamoyo, uliotolewa mwaka 2002 na Sternberg, Grigorenko na wenzao, ni fundisho kwetu. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri, kisha baadhi yao wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili, halafu wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda, tena mpangilio wao ukabadilika: aliyekuwa chini mara ya kwanza hakuwa lazima chini mara ya pili. Jaribio moja lilionyesha mtoto aliposimama siku ile tu, bila kuonyesha angeweza kufika wapi akishikwa mkono.

Tena tusisahau mwili. Kichocho na minyoo vimeenea katika vijiji vya mwambao, na mtoto aliyepungukiwa damu husinzia darasani hata kama alizaliwa hodari. Msichana aliyeteka maji alfajiri na kutembea hadi shuleni bila uji hafanyi mtihani mmoja na mwenzake wa bweni, ingawa karatasi zinafanana.

Wasifu wa Mwalimu Nyerere mwenyewe unatufundisha. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mmoja wa watoto wengi wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Hakuanza shule mpaka mwaka 1934, akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Husimuliwa kwamba chifu mmoja rafiki wa baba yake, Makongoro wa Ikizu, alicheza bao na kijana huyo, akaona jinsi alivyohesabu kete na kuona mbele, ndipo akamshauri mzee ampeleke shule. Kijana alimaliza kwa miaka mitatu masomo ya miaka minne, akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere na Edinburgh. Kwa kawaida habari hii husimuliwa ili kusifu akili ya Mwalimu. Sisi tunaona ndani yake pia mtu mzima aliyeweza kuitambua akili mahali ambapo haikuandikwa, yaani katika mchezo wa jioni, na mlango uliofunguka kwa sababu mtoto alikuwa wa mtemi. Watoto wangapi wa Zanaki, wa Ukara au wa Sengerema walicheza bao vizuri, lakini hakuna aliyewatazama?

6. Darasa letu wenyewe: kipaimara

Mpaka hapa tumezungumza juu ya shule za wengine. Ni rahisi kuilaumu serikali, lakini tuna darasa ambalo hakuna wizara inayolitawala.

Katika usharika mmoja wa kisiwani, ambao hatutautaja, tulimhoji kijana wa kipaimara aliyeshindwa kukariri maelezo ya Sehemu ya Kwanza ya Imani. Alisimama kimya huku wenzake wakimcheka, nasi tukamwandika kuwa hajawa tayari. Wiki ile upepo uliharibu mitumbwi, na kijana yule aliingia majini na baba yake kuwatafuta waliopotea, akakesha akiwapikia uji waliookolewa. Alipoulizwa na mwinjilisti kwa nini hakuogopa, alisema kwamba ziwa lina mwenyewe. Tulitambua kwa aibu kwamba alichoshindwa kukisema kwa maneno ya kitabu alikuwa amekikiri kwa maneno yake: kwamba Mungu ni Muumba na Mlinzi. Darasa letu lilikuwa limeiga shule katika lile lililo dhaifu ndani yake.

Martin Luther hakukusudia hivyo. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliyoiandika baada ya kuona ujinga wa sharika za Saksonia, aliielekeza kwa mkuu wa nyumba, ili aifundishe jamaa yake kwa urahisi. Kukariri kulikuwamo, lakini kuliandamana na kueleza, na mahali pake pa kwanza palikuwa nyumbani. Katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani alidai shule kwa wavulana na wasichana. Hata hivyo alishauri wakae shuleni saa moja au mbili tu kwa siku, na muda uliobaki wajifunze kazi nyumbani; wale wenye vipaji vya pekee waendelee zaidi, wawe walimu na wahubiri. Alizikumbuka kwa uchungu shule za utoto wake, ambamo watoto walipigwa bila kujifunza mengi. Kwake shule na nyumba hazikuwa maadui.

Maandiko nayo yanatuongoza. Katika Luka 2 Bwana wetu, akiwa na miaka 12, aliketi kati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Na sura hiyo hiyo inasema kwamba alirudi Nazareti akawatii wazazi wake. Kuuliza na kutii vilikaa katika mtoto mmoja. Katika Matendo 4 wakuu walistaajabu kuwaona Petro na Yohana, wavuvi wasio na elimu, wakinena kwa ujasiri. Wala Mungu hakudharau shule, kwa maana Matendo 7 inatukumbusha kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Na katika mfano wa talanta, Mathayo 25, bwana alimgawia kila mtumwa kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akampongeza mwenye mbili kwa maneno yale yale aliyompongezea mwenye tano.

7. Hitimisho

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana hata katika mtaa usio na fedha.

Kwanza, katika ibada ya shukrani tuwaombee watoto wote waliofanya mtihani, kwa majina, waliofaulu na wasiofaulu, na baada ya ibada mchungaji amtembelee yule ambaye hakufaulu kabla ya kumtembelea aliyefaulu. Pili, katika kipaimara tumhoji kijana kwa njia zaidi ya moja: akariri, lakini pia aeleze kwa lugha ya nyumbani, asimulie, na aonyeshe kwa tendo. Anayekwama afundishwe kisha aulizwe tena, kama watoto wa Bagamoyo, na wenzake wafundishwe kumpigia makofi. Tatu, tuwafundishe wazazi kuzungumza na watoto wao wadogo na kuwaruhusu kuuliza, kwa maana heshima haipotei kwa swali lililoulizwa kwa adabu. Nne, majengo yetu yanayokaa bure siku za kazi yatumike jioni kwa watoto wasio na taa wala meza, na vijana wa sekondari wawasaidie wadogo zao katika Kiingereza. Tano, wanafunzi wa theolojia watakaotumwa mwambao wajifunze kwanza kuketi kwenye mwalo, pale dagaa wanapoanikwa, na kuuliza wasiyoyajua.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo huitumia sana wenye kuchapa watoto, lakini mvuvi anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwororo, la sivyo hukatika. Yule mzazi wa benchi la nyuma bado anangoja jibu letu. Tukamwambie, bila kusitasita, kwamba mtoto wake hakunyimwa. Na tukiisha kumwambia, tumuulize mtoto huyo anajua nini, nasi tukae tumsikilize.